Zamu ya Babu Kwenye Falaji

Enzi zetu, sisi tuliorudi Omani kutoka Unguja na meno ya utoto, maji yalikuwa na adabu zake. Kijijini kwetu, mwendo mfupi kutoka Nizwa, yalishuka mlimani kwa falaji, mfereji wa mawe ambao wanakijiji wote ndio wenyewe. Ya kunywa yakitekwa juu, ya kuoga chini yake, kisha mitende. Kila ukoo ulikuwa na zamu yake, ikipimwa kwa kivuli cha kijiti, na zamu ya mtu huigusi. Vijana wetu wa leo wanaoga nusu saa nzima na bado wanasema wana haraka.

Tulikuwa wageni, Kiarabu chetu kikiwachekesha watu, na baba alihofu hatutapewa hata mahali pa kupanda mtende mmoja. Siku ya pili mama akaniambia nikafunge mfereji. Unguja mfereji ni bomba, naye alikusudia bomba la pipa la uani. Mimi, mtoto mtiifu, nikaenda kuziba falaji kwa mawe na kanga yake. Maji yakamwagika njiani, na jirani akakosa zamu.

Alasiri akaja wakili, mzee aliyechaguliwa na kijiji kusimamia maji, kanga mkononi inachuruzika. Baba akaomba radhi mpaka sauti ikamkauka, alijua tunafukuzwa. Mzee akanywa kahawa, akala tende, akaniuliza mimi mjukuu wa nani. Nikataja jina la babu, aliyeondoka pale kijana asirudi tena.

“Babu yako aliondoka, zamu yake haikuondoka,” akasema. “Kesho asubuhi maji ni yenu.”

Kumbe miaka yote ile walikuwa wakimwagilia shamba la babu kwa zamu yake, na tende zake wakifuturisha watu msikitini. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kumwona baba akilia. Mpaka leo nikila tende za shamba lile nawaombea dua watu wale, na naona haitoshi.

Sasa naishi mjini na maji yananifuata mpaka jikoni. Alhamdulillahi, mgongo huu hauwezi ndoo tena. Lakini juzi nimerudi safari ya miezi miwili, nikakuta mpapai wangu umekauka uani. Jirani tunayechangia naye ukuta akanisalimia vizuri, akaniuliza kama ndiyo kwanza nahamia.