Miguu ya Fundi Haroub

Kidole gumba cha kulia ndicho kilichoanza. Haroub, fundi cherehani wa Mtambile, akipumzisha mkono pajani, kidole kilitetemeka. Akishika mkasi, kikatulia. Baadaye hatua zikafupika, na kila afikapo mlangoni miguu ikamganda, haendi mbele wala harudi nyuma.

Watu wakanong'ona kuwa karogwa na Abdulnasir, fundi mpya wa ng'ambo ya barabara. Haroub akaacha kuziitikia salamu za Abdulnasir.

Mkewe, Bi Asya, hakuyataka maneno hayo. Akampeleka hospitali, Chake Chake.

Daktari Shamima alimtazama akitembea, akamwambia afumbe na kufumbua vidole, kisha akakaa naye.

"Mzee Haroub, maradhi haya yanaitwa Parkinson. Seli za ubongo hupelekeana habari. Ipo kemikali, dopamini, ambayo ndiyo inayosaidia amri ya mwendo ifike. Na ndani ya kila seli mna mitokondria, vitu vidogo mno vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Vyako vimedhoofika, na seli nyingi zinazotengeneza dopamini zimekufa. Ndiyo maana miguu inachelewa kupata habari."

"Kwa hivyo hapana mtu alonitupia kitu?"

"Hapana."

"Na kupona?"

"Kuyaondoa hatujaweza. Dawa itakupunguzia, inshallah."

Haroub akashusha pumzi. Bi Asya akamshika bega, akidhani anahuzunikia ugonjwa. Kumbe alikuwa akimfikiria Abdulnasir.

Kesho yake akaenda dukani kwa Abdulnasir. Mlangoni miguu ikagoma. Abdulnasir alimwona, akaendelea kukanyaga cherehani: taka-taka, taka-taka. Haroub akausikiliza mdundo ule, akaufuata. Mguu ukanyanyuka, na wa pili. Akaingia.

"Nisamehe, yahe. Nilikudhania vibaya."

"Yashakwisha hayo. Kaa kitako, weye."

Wakaanza kuzungumza kanzu, kola na darizi, mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

Siku hizi duka ni moja. Asubuhi, dawa ikishamkolea, Haroub hukata vitambaa na Abdulnasir hushona. Kuna siku mkono hukataa kabisa. Siku hizo yeye hupokea wateja na kuwachekesha. Bi Asya ana lalamiko moja tu: mumewe harudi nyumbani mpaka mchuzi wa pweza umeshapoa.