Nyuzi Katika Maji ya Chumvi

Siku yangu ya kwanza kazini katika kituo cha utafiti wa nguruwe, Mtafiti Mkuu alinipa koti jeupe lililonizidi mikono, akanisimamisha kwenye dirisha lililotazama vilima vya Lukenya. "Ndunge," alisema, "hapa hatuhesabu nguruwe. Tunahesabu siku tangu jike apandwe."

Nilikuwa fundi wa maabara. Jike akishachinjwa, mfuko wake wa uzazi uliletwa kwangu ungali na joto, nami niliusuuza kwa maji ya chumvi, taratibu, nikiyakinga kwenye sahani ya kioo. Humo viinitete, mimba zikiwa bado changa kabisa, vilielea. Siku ya kumi vilikuwa vishanga vya duara, vyeupe kama ukungu. Siku ya kumi na mbili vilikuwa vimejinyoosha vikawa nyuzi ndefu kuliko kiganja changu. Nilivitazama mpaka nikasahau niko wapi.

Kisha maji yale niliyapitisha kwenye jeli kwa umeme ili protini zijitenge, nikatia rangi ya buluu. Kila protini ilijitokeza kama mstari. Siku ya kumi na mbili mistari mipya ilizuka. Ndiyo siku ambayo viinitete humjulisha mama kwamba vipo, asirudie joto la kutaka dume.

Asubuhi moja, jike wa siku ya kumi na mbili alinipa vishanga vya duara. Mistari mipya hamna.

"Umechanganya chupa," Mtafiti Mkuu alisema. "Mwaga. Ikitokea tena, utafute kazi kwingine."

Sikumwaga. Nilishuka mabandani kwa Mutua, mlishaji wa nguruwe.

"Kaka Mutua, huyu alipandwa siku gani hasa?"

Alifungua daftari lake la kupandisha, akasema, "Siku niliyoandika alimkataa dume. Alikubali siku mbili baadaye. Niliogopa kufuta kwa daftari."

"Twende tukaseme."

"Nitafutwa, Ndunge. Niko na watoto watano."

"Tutasimama pamoja."

Tulisimama, Mutua akaeleza yote. Mtafiti Mkuu aliinua jeli kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu. "Kumbe viinitete vilisema kweli," alisema polepole, "nikakulaumu wewe. Pole, Ndunge." Mutua alionywa, hakufutwa.

Miaka mingi baadaye Mkurugenzi mpya alileta mashine inayosoma mamia ya protini kwa mara moja. Nilijifunza kuitumia, nikaipenda, ila haikunipa ndoto kama zile nyuzi.

Sasa nimestaafu, naishi Kyumbi. Juzi binti yangu Mwende, aliyepoteza mimba mbili zikiwa changa, aliingia jikoni akaketi bila kuvua viatu.

"Mama, nimechelewa siku nne. Naogopa hata kufurahi."

Sikumwahidi kitu. Nilimwambia tu kwamba mtoto huanza kuongea na mama yake kabla mama hajajua yupo.

"Anasema nini?"

"Kwamba amefika."

Akaweka mkono tumboni. Tukakaa, sote wawili, tukisikiliza.