Bima Niliyoisoma kwa Sauti

Fimbo ya kwanza ilimpata mama begani. Ya pili aliikinga kwa mkono wa kulia, na hapo nikasikia mfupa. Mimi nilikuwa bado nimeshika karatasi, kidole changu kikiwa kwenye mstari niliotoka kuusoma.

Naanzia hapo kwa sababu kila ninaposimulia jambo hili watu huuliza baba yangu ni mtu wa namna gani. Hakuna anayeuliza nilikuwa nasoma nini.

Nilikuwa nasoma mkataba wa mkopo. Mama alikopa mjini Singida, kwenye kampuni moja ndogo ya mikopo, ili anunue alizeti wakati wa mavuno na kuipeleka kwenye mashine za kukamua. Baba alijua na aliridhia. Jumapili ile kaka yake mkubwa alitutembelea hapa Mtinko, na baba akataka kumwonyesha kwamba binti aliyemaliza chuo na kukaa nyumbani bila kazi bado ana faida.

"Tusomee," alisema. "Baba yako mkubwa asikie."

Mtu mwingine angesoma ukurasa wa kwanza na kukunja. Mimi husoma mpaka maandishi madogo. Shuleni nilimsumbua mwalimu wa dini, chuoni nikawasumbua wahadhiri, na siku ile nilifurahi kukuta jambo la kuhoji. Ukurasa wa nne ulisema mkopo una bima, na kwamba mteja au mwenza wake akifariki, deni lote linafutwa.

"Mama, hii bima uliiomba?" niliuliza.

"Bima ipi?" alisema mama. Alikuwa anapepeta mtama.

Baba mkubwa aliinua kichwa. "Mwenza ni nani?"

"Ni mume," nilimjibu. Jina la baba lilikuwa pale, limeandikwa vizuri.

"Kwa hiyo ndugu yangu akifa, huyu halipi kitu."

"Halipi."

Alimgeukia baba polepole. "Na tumbo lako limeanza lini?"

Tumbo la baba lilikuwa linamuuma tangu nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Alitembea na vidonge vya tumbo mfukoni kama wengine wanavyotembea na ugoro. Lakini kaka yake alikuwa anamtazama, na baba akajibu lililo kweli na lisilotosha: "Wiki iliyopita lilizidi."

"Na uji anakupikia nani?"

Nilisema tumbo hilo ni la miaka mingi. Hakuna aliyenisikia, kwa sababu baba alikuwa ameshasimama na fimbo yake ya kuchungia, fimbo ya mti wa mkole aliyoachiwa na babu, nyeusi kwa kupakwa samli miaka yote.

Baada ya mfupa kuvunjika alipiga tena, mgongoni, mama akiwa amepiga magoti juu ya mtama uliomwagika. Nilipomrukia baba, baba mkubwa alinikamata shingoni kwa nyuma na kunibana ukutani. Nilimng'ata kidole mpaka nikaonja damu.

"Msomi anang'ata," alisema, bila kuniachia. "Ndicho walichokufundisha?"

Majirani ndio waliotuachanisha. Mama alifungwa plasta hospitali ya mjini, kisha tukahamia kwa mjomba, kaka yake. Siku ya pili ujumbe ukaja kutoka kwa baba mkubwa: mwanamke aliyenunua kifo cha mumewe akirudi kwa miguu yake, atatoka amebebwa.

"Kwa nini bado unataka kurudi?" nilimuuliza mama.

"Nyumba ile nimeikandika kwa mikono yangu. Wadogo zako wako kule, na kuku wangu wako kule. Kama kuna wa kuondoka, aondoke yeye."

Mjomba alitaka kwenda na vijana na marungu. Mama alikataa. Alitaka karatasi. Kwa kuwa karatasi ndiyo iliyomvunja mkono, alisema, karatasi ndiyo ikaseme kwamba hakuiomba.

Nilipousoma tena mkataba niliona mteja ana siku kumi na nne za kuikataa bima hiyo. Zilikuwa zimebaki tatu.

Nilikwenda mjini kwenye kampuni ile. Afisa mikopo alikuwa kijana wa rika langu, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi. Alinionyesha fomu. Kisanduku cha bima kilikuwa na alama ya ndiyo, iliyochapwa na kompyuta kabla mama hajafika. Chini yake kulikuwa na alama ya dole gumba la mama.

"Hakuiweka yeye alama hiyo," nilisema.

"Mfumo unaweka wenyewe, dada."

"Nani aliuambia mfumo uweke?"

"Ni utaratibu. Na ni kwa faida yao. Jina la mzee hatukumlazimisha, nilimwambia sehemu ya mwenza anaweza kuiacha wazi. Alikataa mwenyewe."

Hilo lilinichoma, kwa sababu nilijua ni kweli. Kwetu mke mwenye mume hakopi kama mjane. Jina la mume litatajwa hata pasipohitajika, ili mtu asije akasema ana mambo yake pembeni. Mama alimtaja baba kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomwingiza baba kwenye bima.

"Mama yako aliweka dole gumba," alisema yule kijana. "Sisi hatukumshika mkono."

Stepla ilikuwa mezani. Niliirusha. Ilimpita karibu na sikio na kubomoa plasta ya ukuta nyuma yake. Akainama, mikono juu ya kichwa, kama mama alivyoinama juu ya mtama. Nilitazama mkono wangu uliorusha. Ulikuwa bado umenyooka, na ulikuwa mkono wa baba. Mlinzi aliniburuta hadi nje na kunisukuma kwenye ngazi, nikachubuka kiwiko. Sikumlaumu.

Kesho yake mama alikwenda mwenyewe. Mimi nilikaa nyuma yake na kunyamaza, jambo nisilolijua. Meneja, mwanamke wa makamo, alisoma barua yetu ya kuikataa bima, akasema itashughulikiwa baada ya mwezi.

"Siondoki," alisema mama.

"Mama, bima ni kinga yenu. Ingekuwa na madhara gani?"

Mama aliuinua mkono wenye plasta na kuulaza juu ya meza, katikati ya mafaili. "Haya ndiyo madhara yake. Nyumbani wanasema nimenunua kifo cha mume wangu. Mkinipa barua ya mwezi ujao, mtanipa nikiwa kaburini."

Meneja aliutazama ule mkono. Kisha akamwita yule kijana. Jioni ile tulitoka na barua yenye muhuri: bima imeondolewa, iliwekwa na kampuni, mteja hakuiomba.

Jumapili iliyofuata tulirudi Mtinko. Mjomba alikaa mlangoni, rungu likiwa magotini. Nilimwamkia baba mkubwa shikamoo. Aliitikia huku kidole chake kikiwa kimefungwa kitambaa. Nikasoma barua kwa sauti ileile.

"Kwa hiyo sasa ndugu yangu akifa, deni linabaki?" aliuliza.

"Linabaki."

"Atalilipa nani?"

"Mama."

Akatikisa kichwa, ameridhika. "Basi sasa ana sababu ya kumtaka mzima." Akacheka, akamwambia mama, "Karibu nyumbani, shemeji." Neno juu ya mkono hakuwa nalo. Nilitamani stepla.

Baba hakucheka. Alikuwa anatazama plasta.

Mama aliingia ndani, akatoka na fimbo ya mkole, akaenda nayo jikoni. Aliiingiza kati ya mafiga kwa mkono wa kushoto na kubandika maji ya ugali. Samli ya miaka yote ilishika moto haraka, ikatoa moshi mweusi na harufu ya nyama. Kila ncha ilipoungua aliisukuma ndani kwa mguu.

Baba alisimama mlangoni mwa jiko mpaka maji yalipochemka.

"Ilikuwa ya marehemu baba," alisema.

"Najua," mama alisema. "Nishikie sufuria. Nina mkono mmoja."

Baba akachuchumaa, akaishika kwa vitambaa viwili, uso karibu na moshi, na mama akaanza kusonga.