Njia ya Jeneza

Mbwana hakuomba dawa wala uji. Aliomba jambo moja tu: akifa, wakamzike kule mtoni ubavuni mwa mama yake, siyo Bunju katikati ya watu asiowajua. Wanawe walimwitikia kwenye simu, wakarudi kwenye shughuli zao. Basi akamtuma mdogo wake Mwajabu akaangalie kama nafasi bado ipo.

Njia ya miguu ilishazibwa na ukuta wa mwenye kiwanja. Mwajabu akasubiri maji ya bahari yapande mtoni, akaingia mtumbwini na upondo wake, akawa anausukuma mdogo mdogo.

Kwenye mabwawa ya chumvi, Daniel mlinzi alimwita akiwa juu ya tuta.

"Mama, wanaume wenu wako wapi mpaka unaendesha mwenyewe?"

"Wako stendi Mbezi Luis, wanabeba mizigo ya watu. Mzigo wa kwao umewashinda."

Daniel alicheka. Mwajabu hakucheka.

Akapita pale alipokuwa zamani akichemsha chumvi na mama yake, macho mekundu kwa moshi. Mafiga bado yapo. Akapita duka la mzee Hilal, aliyewauzia sukari na kununua chumvi yao. Limebaki kizingiti na mpapai uliojiotea. Kijiji kizima kilihamia Bunju nyumba moja moja, wakabaki wafu peke yao.

Alipokata kona, akaushindilia upondo kwenye tope, mtumbwi ukasimama. Kilima cha makaburi kilikuwa kimemegwa nusu. Upande wa mama yake ni maji matupu. Jiwe la kichwani limelala chini kwenye tope, kifudifudi.

Mto mzima mikoko imeshika kingo, pale tu haipo. Siku ya kumzika mama maji yalikuwa madogo, jeneza likakwama kwenye mizizi, na Mbwana akachomoa panga akafyeka njia ili mama asicheleweshwe. Watu walimsifu mno. Tangu hapo kila maiti ikapita papo hapo, na kila msiba ukafyeka kidogo tena. Mto nao ukaingilia hapo.

Aliporudi nyumbani alimkuta kaka yake ameegemezwa ukutani, juu ya mkeka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nafasi ipo?"

Njia nzima Mwajabu alikuwa akitunga uongo wa kumtuliza. Lakini uongo ule ungekuja kubebwa na jeneza, ukaishie majini.

"Haipo. Na mama hayupo. Maji yameingilia pale mlipompitishia."

Mbwana akaangalia mikono yake.

"Panga lilikuwa langu."

"Lako. Na sie tulikaa matangani tukila ubwabwa tukikusifu."

Mwajabu akainuka akachote maji, anawe tope lililomganda mpaka magotini.

"Usinawe kwanza. Sogea."

Akasogea. Mbwana akaweka kiganja kwenye tope la mguu wake, akakiacha hapo.

"Bunju basi," akasema. "Waambie wanangu mtumbwi hautakiwi. Kule gari linafika."