Mkuu wa Mtandao Asiyevumilia Tundu Tupu

Tarehe 4 Machi 2013 chuo cha ufundi kilimwajiri kuwa mkuu wa mtandao, idara yenye mtu mmoja wa kuongoza na huyo huyo wa kuongozwa. Tangu siku hiyo alijiita Injinia, na asiyemwita hivyo alisubiri huduma mpaka akome.

Kila mgeni alisimamishwa mbele ya kabati lake la chuma apewe somo lile lile. "Hii modemu ndiyo mlango, intaneti inaingilia hapa. Hii ruta ni bawabu, inajua kipi kiende wapi. Na hii swichi," akigonga kisanduku chenye matundu mengi, "inagawia kompyuta za ndani, kila moja na waya wake." Somo liliishia hapo, na elimu yake pia.

Kilichomkera ni matundu matupu. Fundi mwingine angeona nafasi ya akiba. Yeye aliona pengo kwenye meno ya bibi harusi. Asubuhi ambayo matokeo ya wanafunzi yalitakiwa kufika bodi ya mitihani kabla ya adhuhuri, alikuta waya unaning'inia nje ya kabati, akauchomeka kwenye tundu la swichi lililokuwa wazi. Kuufuata ajue mwisho wake wa pili uko wapi, aliona ni kazi ya vibarua. Taa zote zikaanza kupepesa kwa kasi.

"Mtandao umechangamka," akatangaza.

Dada wa mkewe, karani wa matokeo na ndiye aliyemwombea kazi, akaingia. "Shemeji, umechangamka kwenda wapi? Kwangu hata ukurasa mmoja haufunguki."

"Modemu hiyo. Watu wa simu hao."

Akazima modemu, akaiwasha. Akazima ruta, akaiwasha. Alikuwa kama anayemkanda mguu mgonjwa wa jino.

"Kama hujui, sema. Mimi nilikuombea kazi, sikukuombea cheo."

Mkuu wa chuo akaja mwenyewe, akasimama mlangoni. "Matokeo yasipoondoka leo, utaondoka wewe kwenye hilo kabati."

Injinia akaanza kung'oa waya mmoja mmoja, jasho likimchuruzika hadi kwenye tai. Alipong'oa ule wa asubuhi, taa zikatulia. Karani akakimbilia kompyuta yake, na punde akapiga kelele: "Yameenda!"

"Huo waya unatoka wapi?" mkuu akauliza.

Injinia akaufuata kwa kidole. Mwisho wa pili ulikuwa kwenye swichi ile ile. Asubuhi nzima swichi ilikuwa ikijitumia habari zile zile, zikizunguka na kuzidi, hadi za watu zikakosa njia.

"Yaani umeitia mkia wake mdomoni," akasema karani, aliyekuwa amerudi.

"Ni hitilafu ya kiufundi tu, mkuu."

"Naiona," mkuu akajibu. "Imevaa tai."

Kuanzia Jumatatu iliyofuata kabati likawa mikononi mwa fundi wa kukodi, na Injinia akahamia stoo ya viti na meza.