Dakika Kumi na Saba Hadi Ziwani

Mama yangu aliwahi kuteremka ziwani mara moja tu, akiwa msichana, kwa miguu. Yeye na wenzake walitembea siku mbili. Kwa hiyo nilipomwambia nimechumbiwa na mwalimu wa huko, alisema, "Ukiugua, nitasikia ukishazikwa."

Niliolewa hivyohivyo. Mimba yangu ya kwanza ilipokuwa kubwa nilipanda kwa mama, milimani Umatengo, nijifungulie karibu na hospitali. Nikapata mtoto wa kike. Mvua zikaja, barabara ikakatika, malori yakaacha kuteremka. Mtoto alifikisha miezi miwili baba yake hajamwona.

Sista mmoja wa hospitali ndiye aliyetuambia kwamba kuna ndege ndogo inapeleka dawa ziwani, na ina nafasi mbili.

"Nenda na mama yako," alisema. "Akusaidie mtoto."

Nilidhani mama atakataa. Alikwenda kuchemsha viazi vitamu vya njiani, vya kutosha siku mbili.

Kiwanja kilikuwa cha nyasi, kimefyekwa juu ya kilima. Rubani, mzee wa Kizungu aliyejua Kiswahili vizuri, alitaka kujua uzito wetu. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua kahawa, na mmoja wao alikuwa na mizani yake pale jirani. Mama akapanda juu yake, kikapu mkononi, uso umekazwa kama yuko kanisani.

"Ni mwendo gani mpaka huko?" alimuuliza rubani.

"Dakika kumi na saba, mama."

"Baba, usimdanganye mtu mzima."

Ndege iliporuka alinishika goti, akafumba macho. Alipoyafumbua tulikuwa juu ya mashamba ya ngoro, yale mashimo tunayochimba milimani ili udongo usichukuliwe na maji. Sikuwahi kujua kwamba kazi yetu ni nzuri kiasi kile. Mama alitafuta njia aliyoipita usichanani. Aliona mto, akaona genge la mlima, na kabla hajamaliza kunionyesha mahali walipolala, maji ya ziwa yakajaa dirishani.

Tulizunguka mara mbili, watu wakifukuza mbuzi kiwanjani. Mume wangu alikuja mbio kutoka darasani, chaki mikononi; hakuwa na habari kwamba tunakuja. Kabla ya kumgusa mtoto alipiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Poleni na safari. Mmelala wapi njiani?"

Mama alifunua kikapu, akampa kiazi. Kilikuwa bado cha moto. Mume wangu alikishika, akatutazama, akaanza kucheka, na mama akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Hapo ndipo nilipomkabidhi mume wangu mtoto. Alimpokea kwa viganja vyenye chaki, akampaka shavuni.

Ndege haikurudi kumchukua mama. Alikaa nasi mpaka mvua zilipokwisha, akajifunza kuanika dagaa mchangani pamoja na mama mkwe wangu, wakizungumza Kiswahili kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lugha yake. Kisha akapanda lori la kwanza lililopita, amekalia gunia la dagaa aliotaka kuwagawia majirani. Mwaka uliofuata alikuja mwenyewe, bila kuitwa.