Katibu na Viatu vya Roketi

Fundi viatu hakumheshimu hata mtu mmoja kati ya wale aliosafiri nao. Mashabiki ishirini na wawili wa tawi lao walikuwa wanakwenda kambini kuitazama timu ikijiandaa na msimu mpya, na tangu alfajiri walikuwa wameimba wimbo mmoja, tena ubeti wa kwanza tu, maana wa pili hakuna aliyeujua.

Yeye alikaa kimya, kitabu cha tawi mapajani. Kwa miaka kumi na minne alikuwa katibu. Hakuna kikao alichoacha kuandika: nani kafika, nani kachelewa, nani kasema upuuzi. Mchana kutwa kibandani kwake watu humtupia viatu vilivyoachama bila hata salamu, lakini Alhamisi jioni watu wale wale humwita Katibu, na humngoja amalize kuandika ndipo wafungue mdomo. Mke wake alisema kitabu hicho hulala pazuri kuliko yeye.

Sasa kitabu kilikuwa hatarini. Mwenyekiti wa tawi, muuza magodoro mwenye sauti ya kunadia magodoro, alikuwa amemsifia mshambuliaji mpya aliyeitwa Roketi mpaka povu likamtoka. Katibu akasema mbele ya kikao kwamba Roketi ana goti bovu, na kwamba timu yake ya zamani imemsukumia kwao kama kiti cha miguu mitatu.

"Twende kambini," Mwenyekiti alijibu. "Tukimkuta mzima, kitabu unakiacha."

"Tukimkuta mgonjwa, wewe unaacha uenyekiti."

Wakapeana mikono. Katibu akayaandika yote neno kwa neno, akatia sahihi.

Kambini waliwekwa nyuma ya uzio wa waya, jua likiwachoma visogo. Uwanjani wanaume wazima walikuwa wakizunguka koni. Mmoja alinawa uso mara tatu kwa maji ya kunywa. Mwingine alianguka bila kuguswa, na hata mazoezini alitazama kama mwamuzi ameona. Katibu alijiuliza kama kweli ni hawa ambao mashabiki huwapigania ngumi kila Jumapili.

Roketi alifunga mabao manne.

"Umeliona goti, Katibu?" Mwenyekiti aliuliza.

"Nimemwona kipa. Anadaka kama anafukuza nzi."

"Nimekuuliza goti, bwana."

"Goti, bwana," alirudia Redio, shemeji yake Mwenyekiti, ambaye maishani mwake hajawahi kutoa sentensi yake mwenyewe.

Saa sita mazoezi yalisimama, wachezaji wakaingia kula. Mashabiki wakaruhusiwa kupita kando ya vyumba vya kubadilishia nguo, na hapo ukutani palikuwa na rafu ya viatu vya mpira, kila jozi na namba yake. Katibu alikwenda moja kwa moja kwenye namba tisa, namba ya Roketi, akavigeuza.

Juu vilikuwa vipya, bado vinang'aa. Chini vilikuwa hadithi nyingine. Soli ya kushoto ilikuwa imesagika yote. Ya kulia haikuguswa, isipokuwa ukingo wa nje wa kisigino.

"Sogeeni," alisema. Wakasogea. Akawaonyesha kwa kidole, taratibu, kama mwalimu mbele ya darasa zito. "Mwenye viatu hivi anauegemea mguu wa kushoto. Wa kulia anauburuta. Goti la kulia limekufa."

Mwenyekiti akainama kuzitazama soli. Redio akamtazama shemeji yake, akingoja cha kurudia.

"Sasa, kuhusu uenyekiti," Katibu alianza.

Mlango ukafunguliwa, akatoka mtunza vifaa wa timu, mtu wa mvi, akiburuta mguu wa kulia. Akavichukua viatu mkononi mwa Katibu, akaketi juu ya kreti na kuvivaa.

"Samahani ndugu yangu, bado vinabana, na jioni anavitaka."

"Nani anavitaka?"

"Roketi, nani tena? Asubuhi kacheza na vya zamani. Saizi yetu moja. Wiki nzima nazunguka navyo kwenye sementi nivilainishe. Hawa mabwana kiatu kipya hakiwagusi kisigino."

Katibu aliutazama ule mguu. "Goti la kulia."

"Tangu nilipokuwa beki. Nani kakwambia?"

Redio alicheka mpaka akakaa chini. Mwenyekiti hakucheka, alinyoosha mkono tu.

Mtu mwingine angesema mchana bado mrefu, tungoje mazoezi ya jioni. Katibu aliwajua watu wa namna hiyo, aliwaandika miaka kumi na minne, na aliwadharau wote. Akakiweka kitabu juu ya kreti, akaandika tarehe, kisha: "Katibu alikagua viatu. Mguu alioutaja ni mgonjwa kweli. Mwenye mguu si Roketi. Katibu amekosea na anakabidhi kitabu." Akatia sahihi.

Mwenyekiti alimpa Redio kitabu palepale. "Katibu ni wewe. Andika kwamba tumecheka."

Redio akafungua, akajipapasa mifuko yote. "Shemeji, kalamu sina."

Wote wakamtazama fundi.

"Kitabu ni cha tawi," alisema, akichomeka kalamu mfukoni mwa shati na kufunga kifungo. "Kalamu ni yangu."

Kisha akachuchumaa mbele ya mtunza vifaa na kumuuliza viatu vyake mwenyewe viko wapi, maana mtu anayetembea vile anahitaji kisigino kinyanyuliwe upande mmoja, na aliyemshonea vya mwisho alikuwa mpumbavu.